Miwani ya Bwana Shekalaghe

Jiwekeni sawa, wakubwa kwa watoto, maana leo kazi yangu ni kusimulia, na hukumu ni yenu.

Korogwe palikuwa na watu watatu waliopenda kadi za wachezaji wa mpira. Zawena alijaliwa macho: mkwaruzo mdogo kuliko unywele hakuukosa. Mrisho alijaliwa kumbukumbu: kadi ikiuzwa leo, bei yake haimtoki kichwani miaka kumi. Kihiyo hakuwa na macho hayo wala kumbukumbu hiyo, ila alijaliwa kuaminiwa. Akishasema yeye, watu hawaulizi tena.

Kila Jumamosi walikutana na wenzao nyuma ya duka la vitabu. Desturi yao ilikuwa hii: kadi ya kuuzwa inapita mikononi mwa hao watatu, kila mmoja anataja bei, na bei ya katikati ndiyo inayoshika.

Siku moja akaja Bwana Shekalaghe, karani mstaafu, mwenzao wa siku nyingi aliyekusanya kadi kwa mapenzi tu. Macho yalikuwa yamemwishia, na sasa alitaka kuuza kadi ya kipa wake kipenzi ili apate miwani.

"Nyinyi ndio macho yangu," akasema.

Zawena akaishika kadi, akaona chini ya picha ya kipa limechapwa jina la mchezaji mwingine. Akanyamaza, maana aliitaka. "Elfu nane," akasema.

Mrisho akaishika, akaliona jina, akakumbuka kwamba kadi yenye kosa kama hilo iliwahi kuuzwa laki sita, kwa kuwa zilichapwa chache mno. Akanyamaza, maana alishanusa faida. "Elfu sita," akasema.

Kihiyo akaishika, lakini njaa ilimuuma, hata hakuitazama. Alisikia nane, akasikia sita. "Elfu saba," akasema, na saba ikashika. Zawena akalipa.

Walipotoka, Mrisho akawafunulia Zawena na Kihiyo yote, kosa la jina na thamani yake. Mnunuzi wa laki sita yupo, na kila mmoja wao atapata laki mbili. Kihiyo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini hakusema hapana, na hilo ndilo lililomtesa. Wiki nzima, akimwona Bwana Shekalaghe sokoni, alijitia kuchagua nyanya.

Jumamosi iliyofuata mzee akaingia na miwani mpya puani, anacheka. "Zawena mwanangu, hebu nimwone kipa wangu japo mara moja."

Zawena angekataaje? Akaitoa. Mzee akasoma, midomo ikimchezacheza, mara kicheko kikamkatika.

"Jina si lake! Kumbe niliwauzia kadi mbovu, nanyi mkanisitiri, mkainunua hivyo hivyo?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaiweka mezani. "Pesa nimeshaimaliza. Zawena, chukua hii. Kihiyo, wewe ndiye ninayekuamini. Niambie, itatosha kufidia?"

Kihiyo akaitazama ile miwani, asiweze kuinua uso. Zawena akamtazama Mrisho. Mrisho akatazama mlango.

Haya, jamani. Mmoja aliona kosa akaficha. Mmoja aliijua thamani akaficha. Mmoja aliaminiwa, asijisumbue hata kutazama, na bei iliyoshika ni yake. Aibu kubwa zaidi ni ya nani, na nani kati yao aanze kufungua mdomo? Amueni upesi, maana mzee bado anangoja jibu, na miwani iko mezani.