Samaki Tisa wa Bi Naetwe

Hapo zamani, huko milima ya Upare, katika kijiji cha Ndorweni ambako maji ya shamba hugawiwa kwa zamu, aliishi mjane mmoja akiitwa Bi Naetwe. Tulieni mnisikilize vizuri, maana nikifika mwisho sitawapa jibu. Nitawadai.

Bi Naetwe hakujaliwa mtoto. Alikuwa na bustani, na katikati ya bustani kidimbwi cha mawe, na ndani ya kidimbwi samaki tisa wa rangi, wale waitwao koi. Marehemu mumewe, Mzee Senkoro, alikuwa mtunza bustani wa watawa kule tambarare. Watawa walipofunga nyumba yao walimpa samaki hao wangali wadogo kama kidole, naye akapanda nao mlima siku mbili, debe kichwani, akisimama kila kijito awabadilishie maji. Sasa kila mmoja alikuwa na urefu wa mkono hadi kiwiko. Mmoja mweupe mwenye doa jekundu utosini, wawili weusi kama masizi, watano wa rangi ya chungwa, na jike moja kubwa la rangi ya dhahabu. Miaka kumi na mmoja walikuwa kidimbwini, na hawakuwahi kuzaa. Kila asubuhi Bi Naetwe aliwahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Ndipo aliponywa chai.

Mwaka mmoja, masika yakiishia, aliteleza juu ya jiwe lenye ukoga akavunjika mfupa wa paja. Fundi wa mifupa akamfunga kwa mabanzi, akamwambia, "Mama, mwaka mzima usiiname wala usibebe kitu."

Bi Naetwe hakuulilia mguu. Aliwalilia samaki. Akawaita wazee wa maji, akasema mbele yao: "Mimi sina wa kunirithi. Atakayewavusha samaki wangu mwaka huu, kipupwe, kiangazi na masika, bustani hii na kidimbwi chake vitakuwa vyake siku nikifumba macho. Nimesema, nanyi mmesikia."

Wazee wakajibu, "Tumesikia."

Kikaja kipupwe.

Ukungu ukashuka ukalala juu ya migomba, na maji yakawa baridi ya kuumiza vidole. Samaki wakazama chini, wakatulia kama mawe. Aliyekuja kumtunza Bi Naetwe alikuwa Nakijwa, binti wa kaka yake, mwanamke wa maneno machache. Alipika, alifua, alimsogezea shangazi yake kigoda karibu na kidimbwi. Lakini samaki hakuwapa chakula.

"Nakijwa, mbona hujawarushia pumba?"

"Shangazi, maji yamepoa. Jana nilirusha kiganja kimoja, leo nimekikuta chini vilevile. Tumbo la samaki hulala na baridi. Wakila sasa, chakula kitawaozea ndani."

"Nani kakufundisha?"

"Nimewatazama tu."

Siku tano zikapita, siku kumi, siku ishirini. Bi Naetwe akaona samaki wake wanakonda kwa macho yake mwenyewe, au alidhani anaona. Siku moja majirani wamejaa uani, uvumilivu ukamwisha. "Tazameni! Damu yangu mwenyewe inawanyima samaki wangu! Uchoyo huu ni wa mama yako, Nakijwa, si wa upande wetu!"

Nakijwa akainamisha kichwa, akaendelea kupepeta mchele. Pumba akaifungia sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni. Jirani akija na makombo, alimrudisha mlangoni.

Lakini Bi Naetwe hakukubali kushindwa. Mchana mmoja, Nakijwa yuko kisimani, alikata tonge kubwa la ugali wake, akalirusha kidimbwini kutoka pale kigodani. Samaki mmoja mweusi akalidokoa. Kesho yake mweusi yule alikuwa amelala ubavu, na ugali uliobaki umeota utando mweupe na kutoa harufu. Nakijwa hakuuliza ni nani aliyeutupa. Aliingia kwenye yale maji ya barafu mpaka kiunoni, akakusanya uozo wote kwa vidole, punje kwa punje, midomo ikimgeuka rangi ya majivu. Bi Naetwe alimtazama kutoka kigodani, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Siku hamsini na moja zilipotimia, jua likatoka, maji yakapata uvuguvugu. Samaki wakapanda juu mmoja mmoja, yule mweusi nyuma ya wote, akipepea mapezi yake. Nakijwa akafungua sanduku, akawapa mchicha wa kuchemsha, kidogo kwanza. Bi Naetwe akahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Wote tisa!

Kipupwe kikapita.

Vuli ikanyesha haba, kisha kikaja kiangazi, kikali kuliko vyote alivyovikumbuka Bi Naetwe. Mto ukawa uzi. Ndiva, lile bwawa kubwa la kijiji linalomwagilia mashamba, likashuka mpaka kila shamba likapewa nusu siku ya maji katika kila siku kumi. Na msimamizi wa zamu alikuwa Kirita, mzee mwenye sauti kama ngoma, asiyejua kupindisha neno.

Bi Naetwe alimtuma Nakijwa akaombe maji ya kidimbwi. Kirita akaja mwenyewe kumjibu.

"Bi Naetwe, shamba lako la mahindi nitalipa maji. Kidimbwi, hapana. Samaki asiyeliwa ni pambo, na pambo halinywi maji ya chakula cha watu. Tena ningekuwa mimi, hicho kidimbwi ningekifukia nikapanda magimbi."

"Kirita, hawa ndio nyumba yangu."

"Nakuhurumia. Zamu ni zamu."

Maji ya kidimbwi yakapungua mpaka chini ya goti. Yakawa ya moto, ya kijani, mazito kama uji. Alfajiri samaki walikusanyika juu, midomo wazi, wakivuta hewa kama watu waliopanda mlima mbio. Bi Naetwe aliwasikia kutoka kitandani: pwa, pwa, pwa. Kila pwa ilimchoma moyoni.

Aliyeisikia pia ni Mbonea, jirani wa shamba la juu, kijana aliyeoa mwaka uleule. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua, na zamu yake ya maji ilikuwa kesho yake. Asubuhi hakufungulia maji maharage yake. Alichimba mfereji kutoka mpakani mwa shamba lake hadi kidimbwini, akayageuza maji yote. Mwisho wa mfereji akainua shina la mgomba lililotobolewa kama bomba, ili maji yadondoke kutoka juu kwa kishindo na kuingiza hewa.

Kirita akasimama kando. "Mbonea, umelewa? Maharage yako yanatoa maua!"

"Mzee, zamu ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi nimewapa."

Zamu ya pili akafanya vilevile. Zamu ya tatu vilevile. Maua ya maharage yakakauka, yakapukutika, shamba likawa la kahawia. Nambike, mkewe, alikaa wiki nzima hasemi naye. Bi Naetwe alimwita, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, utakula nini?"

"Mama, maharage nitapanda tena," akasema Mbonea. "Samaki hawa nitawapanda wapi?"

Wingu la kwanza lilipoonekana juu ya kilima, Bi Naetwe akajivuta kwa magongo mpaka ukingoni, akahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Wote tisa!

Kiangazi kikapita. Na kwa kuwa ghala lilikuwa tupu, Mbonea akafunga kitambaa kichwani, akashuka tambarare kutafuta kibarua. Alisahau jambo moja tu: hakuuziba ule mfereji.

Yakaja masika.

Mvua ilinyesha siku saba bila kupumua. Siku ya nane asubuhi, maji mekundu yalishuka kutoka mashambani, yakaukuta mfereji wa Mbonea uko wazi, yakaingia kidimbwini kwa ngurumo. Kidimbwi kikafurika. Ukuta wa chini ukaanza kutoa mawe: moja likaanguka, likafuata la pili, kisha pengo likafunguka upana wa kifua cha mtu. Nakijwa akapiga yowe, akarusha matete pengoni, mkondo ukayachukua. Bi Naetwe alikuwa mlangoni na magongo yake. Akaona samaki wake wa dhahabu akivutwa kuelekea pengoni, mkia kwanza.

Wakati huo alikuwa akipita Kirita, anatoka kukagua ukuta wa ndiva. Yule yule Kirita wa "pambo halinywi maji." Alitupa jembe, akaruka ndani, akaketi katika lile pengo, mgongo wake ukawa ukuta.

"Nakijwa!" akanguruma. "Kata migomba! Ziba mfereji kule juu kwanza! Mimi nipo!"

Nakijwa akakata migomba, akaita watu, watu wakaleta mawe na udongo wa nyasi. Mfereji ukazibwa baada ya muda mrefu. Kirita alikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, maji yakimpiga shingoni, mawe yakimchubua mbavu. Nyuma yake yalikuwa maporomoko: ukuta ungeachia, naye angekwenda nao. Lakini mbele yake jambo lilitokea. Samaki, wakitafuta pa kujificha na mkondo, walikuja wakajibanza kwake. Mmoja kwapani, wawili juu ya mapaja, wengine tumboni, wakitetemeka.

Watu walipomtoa hakuweza kusimama. Homa ikamlaza siku tatu. Bi Naetwe alipokwenda kumjulia hali, Kirita alimtazama kwa aibu kidogo.

"Bi Naetwe, yule mwenye doa jekundu, yu hai?"

"Yu hai."

"Alikuwa chini ya mkono wangu huu," akasema Kirita, akageukia ukutani asionekane uso.

Tope lilipotua na maji kung'aa, Bi Naetwe akahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Wote tisa!

Na mambo hayakuishia hapo. Asubuhi moja ya joto, baada ya mvua kulegea, kidimbwi kilichemka. Madume yalimkimbiza yule jike wa dhahabu huku na huko, maji yakiruka mpaka kwenye waridi. Nakijwa akasogea, akaona mizizi ya magugu ya majini imejaa mayai kama shanga. Akaitoa haraka, akaitia ndani ya pipa la maji safi, maana samaki hawa hula mayai yao wenyewe. Siku ya tano, pipa likawa hai. Vijisamaki vyembamba kama kope, mamia kwa mamia!

Kijiji kizima kikaja. Wanawake wakapiga vigelegele vilivyosikika ng'ambo ya bonde. Bi Naetwe akatupa gongo la kwanza, akatupa na la pili, akatembea kwa miguu yake miwili mpaka penye pipa. Akajaribu kuhesabu, moja, mbili, tatu... akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Watu wakamnyanyua, wakacheza naye. Miaka kumi na miwili! Laiti Senkoro angaliona!

Vigelegele vilipotulia, wazee wa maji wakaketi. Mkubwa wao akasema, "Bi Naetwe, samaki wamevuka mwaka. Neno lako liko kwetu. Bustani ni ya nani?"

Nakijwa akasimama wa kwanza. "Mimi si msemaji. Lakini kipupwe kingewaua, kiangazi kingemkuta nani? Masika yangembeba nani? Niliitwa mchoyo, mama yangu akatukanwa, nikanyamaza. Kufanya ni rahisi, wazee wangu. Kujizuia usifanye, watu wote wakikusukuma ufanye, hilo ndilo zito."

Mtu akasema kutoka nyuma, "Lakini wewe ni damu yake. Kumtunza shangazi ni wajibu, na wajibu hauna tuzo."

Mbonea, aliyerudi kutoka tambarare jana yake, akasimama. "Nakijwa alitoa akili. Mzee Kirita alitoa nusu siku na homa ya siku tatu. Mimi nilitoa mavuno ya mwaka. Mke wangu amelala njaa. Nani hapa ametoa kama nilivyotoa, tena kwa samaki wasio wake na mama asiye wake?"

Kirita akanguruma, "Umetoa, kweli. Lakini mafuriko yaliingia kwa mlango gani? Mfereji wako! Ulichookoa kiangazi ungekiua masika."

"Na nani aliyenilazimisha kuchimba mfereji," akajibu Mbonea, "kama si aliyewanyima maji?"

Watu wakaguna. Sauti ya Kirita ikashuka. "Ni kweli, niliwanyima. Nililinda chakula cha kijiji, na ningefanya tena. Sikuwapenda samaki hawa, wala sikuwahi kuitamani bustani hii. Lakini mwenzangu alitoa maharage, mimi nilitoa roho. Wazee, anayeokoa akipendacho na anayeokoa asichokipenda, yupi amefanya zaidi?"

Bi Naetwe akawatazama mmoja baada ya mwingine. Akamwona Nakijwa amesimama kwenye maji ya baridi, akiokota uozo ambao mkono wa shangazi yake ndio ulioutupa. Akaliona shamba la kahawia la Mbonea. Akauona mgongo wa Kirita katika pengo la ukuta. Moyo wake ukajaa furaha, ukajaa na uzito, kwa kuwa bustani ilikuwa moja, na neno alilotoa lilikuwa la mtu mmoja: *atakayewavusha*.

"Mama, tunakungoja," akasema mzee.

Naye akakohoa, akajiweka sawa mtandio, akasema.

Alilolisema, Ndorweni wanalijua, na mpaka leo nusu yao wanalikubali na nusu wanalipinga. Mimi silitamki. Ninyi mlioketi hapa mmewaona wote watatu: aliyejizuia akatukanwa, aliyetoa shamba lake akaacha mfereji wazi, na aliyewanyima maji kisha akawafanyia ukuta kwa mgongo wake. Haya, semeni, na kila mtu aseme na sababu yake.

Je, nani alistahili?