Rangi Aliyoipenda Fundi

Mtungi wa maji una tumbo pana na shingo nyembamba. Mpita njia huusifu kwa madoa yake na kwa jinsi ulivyokaa vizuri pembeni, kisha huenda zake. Lakini kama maji yake ni baridi au ya vuguvugu, kama chini kuna tope au changarawe, hilo yeye halijui. Anayejua ni kata, kwa kuwa ndiyo iingiayo humo asubuhi na jioni ikatoka imelowa. Ndiyo maana wazee wakatuachia neno kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Mambo ya ndani ya mtu huyajua yule anayeshinda naye, na mara nyingine hata mtoto wa kuzaa mwenyewe asiyajue. Kisa cha fundi cherehani mmoja na wanawe wawili kinatosha kuwa ushahidi.

Fundi huyo alishona kwa miaka arobaini katika chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza ya kukatia, cherehani mbili na kioo kirefu kilichopasuka kona. Mbele ya cherehani yake, goti kwa goti, aliketi mwanamke mmoja aliyekuwa akitoboa matundu ya vifungo na kupiga mapindo kwa mkono. Watu walimwita Bi Vifungo. Watoto wa Fundi walimwita Shangazi, ingawa hawakuwa na damu moja naye, kwa sababu walimkuta pale tangu wakitambaa chini ya meza na kula vumbi la nyuzi.

Fundi alipofariki, usingizini na bila kusumbua mtu, ilikutwa barua yake. Aliagiza mwili wake uchomwe, na majivu yawekwe katika ukuta wa makaburini, kwenye kidirisha kilicho jirani na cha marehemu mkewe. Mwili ukachomwa. Ikabaki kazi ya kuchagua chombo. Sharti lilikuwa moja: chombo kifikishwe kwa mhudumu wa makaburini kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Kikichelewa, majivu yangetiwa katika kisanduku cha plastiki mfano wa kisanduku cha viatu, na Jumamosi asubuhi kidirisha kingezibwa kwa saruji. Kikishazibwa hakifunguliwi tena.

Ijumaa hiyo Bi Vifungo aliamka kabla ya jogoo. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akavivua akavifuta, akavivaa tena. Moyo ulimdunda kama cherehani iliyokanyagwa bila kitambaa. Aliona haya kidogo kufurahi katika siku za msiba, lakini hakuweza kujizuia. Siku hiyo ilimkumbusha siku za kukabidhi nguo za harusi, ambapo Fundi hakuwa akikaa kitini kwa kiherehere.

Saa tatu yeye na wana wawili wa Fundi waliingia karakana ya mfinyanzi. Loo, ilikuwa kama kuingia sokoni siku ya kwanza ya mavuno. Rafu zilipanda hadi darini: vyombo vyeupe kama yai, vya buluu, vya njano, vyenye vifuniko vya mviringo na vyenye vishikio kama masikio. Mfinyanzi mwenyewe, udongo umemganda hadi viwikoni, aliwapokea kwa tabasamu.

"Karibuni. Angalieni mtakavyo. Atakayevunja, amenunua."

Binti wa Fundi, aliyekuwa karani wa posta, hakumaliza hata rafu ya kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye chombo cha kijani kilichong'aa kama jani lililonyeshewa. Mdogo wake, mtengeneza mafriji, naye alikuwa ameshakumbatia kingine upande wa pili, chekundu kama pilipili mbivu. Wakageuka pamoja, kila mmoja na chake kifuani.

"Nyekundu?" dada akasema. "Unataka kumtia Baba ndani ya nyanya?"

"Bora nyanya, Dada, kuliko hiyo chupa ya dawa ya kikohozi."

"Baba alipenda kijani. Gauni langu la kumaliza shule lilikuwa la kijani. Nilisimama mbele ya kile kioo nikamuuliza, Baba, nimependeza? Akasema hajaona rangi iliyomkaa mtu kama ile."

"Na shati langu la harusi je? Jekundu. Nilimuuliza swali hilohilo, akasema tangu ashike mkasi hajaona rangi nzuri kama hiyo."

"Alikuwa akikupa moyo. Ulikuwa unatetemeka siku ile."

"Wewe ndiye uliyepewa moyo. Mimi niliambiwa ukweli."

Mwanzoni Bi Vifungo alicheka nao. Mfinyanzi aliwaletea maji ya kunywa na viti. Lakini saa nne ikapita, na nusu yake ikapita, na maneno yakaanza kuwa na miiba. Yakafukuliwa ya zamani: nani alimuuguza Baba, nani alikuwa akipiga simu tu, nani alipewa cherehani na nani alipewa maneno. Ilipogonga saa tano, dada alikiweka chombo chake mezani kwa kishindo.

"Basi yaishe," akasema. "Tuchukue vyote viwili. Majivu tugawane nusu kwa nusu. Wako mpeleke ukutani, wangu nitakaa naye nyumbani kwangu. Kila mtu na baba yake."

"Sawasawa," mdogo wake akajibu, wala hakumtazama. "Mfinyanzi, tufungie vyote viwili."

Mfinyanzi akavuta makaratasi ya kufungia. Lakini Bi Vifungo alijua jambo ambalo wawili wale hawakulijua, wala mama yao hakulijua hadi anafariki. Fundi hakuwa akiona tofauti ya nyekundu na kijani. Ndivyo alivyoumbwa. Rangi zote mbili machoni pake zilikuwa kitu kimoja, rangi ya tope. Mara ya kwanza Bi Vifungo alipoligundua alikuwa msichana mwanafunzi wa kazi, na Fundi alifunga mlango akamwapisha. "Fundi asiyejua rangi nani atamletea kitambaa?" alimwambia. "Hili lisitoke mdomoni mwako." Na halikutoka.

Sasa alitazama yale makaratasi ya kufungia yakikunjuliwa. Akisema, atakuwa amemvua nguo mbele ya wanawe mtu aliyewavika wengine maisha yake yote. Akinyamaza, baba atakatwa mapande mawili, na wanawe nao hali kadhalika. Kitambaa kikishakatwa hakina dawa ila mshono, na mshono huonekana daima. Alisimama.

"Wanangu, hebu viacheni hivyo. Baba yenu hakuijua kijani, wala hakuijua nyekundu."

Kijana, yule wa mafriji, akacheka kwa pua. "Shangazi, jamani. Fundi cherehani?"

"Fundi cherehani. Alipokuwa akiniambia 'nipe mbili', mlidhani anataka nini?"

"Rili mbili za uzi," dada akasema. "Nami nilikuwa nikikimbia kumpelekea. Akawa ananirudisha kila mara, 'muulize shangazi yako'."

"Alitaka uzi wa mafundo mawili. Kila asubuhi kabla ya wateja nilikuwa nikifunga mafundo kwenye ncha za nyuzi zote. Fundo moja nyekundu, mawili kijani, matatu kahawia. Miaka thelathini na miwili sikuacha, ila zile siku tatu nilizolazwa na homa."

Kijana alishika kichwa. "Ile suruali. Ile suruali ya kijani yenye uzi mwekundu, ya yule kinyozi."

"Hiyohiyo," Bi Vifungo akasema. "Niliporudi nikaiona imekwisha kuvaliwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Kinyozi naye anatembea nayo kifua mbele, anawaambia watu ni mtindo mpya. Wiki iliyofuata walikuja wanane wanataka kama yake."

Dada alitaka kukasirika, midomo ikamcheza, kicheko kikamshinda. Alicheka hadi akakaa juu ya gunia la udongo. "Na hukutuambia miaka yote hiyo, Shangazi?"

"Aliniwekea fundo la nne mdomoni."

Lakini kijana alikuwa ameacha kucheka. Aliuliza polepole, kama mtoto, "Kwa hiyo shati langu la harusi alilionaje?"

"Tope. Na gauni la dada yako, tope lilelile."

"Sasa mbona alitusifia?"

"Mlimuuliza kama mmependeza," Bi Vifungo akasema. "Alikuwa akiwatazama nyinyi."

Dada alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, kisha akampa mdogo wake naye ajifute. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Tutachaguaje sasa?" dada akauliza.

"Kama alivyochagua yeye. Fumbeni macho." Bi Vifungo aliuinua mkono, akasugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada. "Hivi. Baba yenu alikuwa akipewa kitambaa gizani, anakwambia kimefumwa kwa pamba ipi na kitachakaa lini."

Basi wakafumba macho, watu wazima wawili, wakaanza kupapasa rafu kutoka mwanzo. Mfinyanzi alitangulia mbele yao mikono ameitanua kama anayezuia kuku wasitoke bandani, jasho linamtiririka. Bi Vifungo alifuata nyuma, hawezi kutulia, anahesabu dakika kwa vidole.

"Hiki kinateleza kama sabuni," kijana akasema.

"Nailoni tupu," dada akajibu. "Baba angekitupa dirishani."

"Hiki je?"

"Hicho kina baridi. Bitana ya koti la bei ndogo. Endelea."

Walipita chekundu, wakapita cha kijani, ambavyo mfinyanzi alikuwa amevirudisha rafuni, wasijue. Walipofika mwisho, kwenye benchi ya chini, mkono wa dada ulisimama. Kidole gumba kikaenda kikarudi, kikaenda kikarudi. "Ngoja," akasema kwa sauti ndogo. "Hii ni marekani. Ile pamba nzito, kabla haijafuliwa."

Mdogo wake akanyoosha mkono, ukagota kwenye mkono wa dada yake, ukashuka kwenye ubavu wa chombo. Akavuta pumzi. "Ndiyo hii. Ndiyo hii, Dada."

Wakafumbua macho. Kilikuwa chombo cha udongo mtupu, hakina rangi iliyopakwa wala mng'ao, kimechomwa tu kikaachwa, kina mikwaruzo myembamba kama nyuzi zilizofumwa.

"Hicho wateja hukiruka," mfinyanzi akasema. "Udongo wake ulikuwa mzuri mno, nikashindwa kuupaka chochote."

Hawakungoja kufungiwa. Walitoka mbio, kijana amekibeba kifuani, dada ameshika kifuniko, Bi Vifungo nyuma yao na viatu vyake vya kutokea mkononi. Mhudumu alikuwa ameshatoa funguo mfukoni walipoingia wakihema. Zilibaki dakika saba. Alikipokea chombo, akakitazama, akawatazama wao wanavyocheka na kulia kwa pamoja, akaona heri asiulize.

Jumamosi asubuhi watu walikusanyika ukutani. Yule kinyozi alikuwepo, mzee sasa. Chombo kilipopitishwa mbele yake alimgeukia jirani yake, akanong'ona kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Fundi huyu, mtu wa rangi zake, ndiyo wamemtia kwenye chombo kikavu hivi? Watoto wa siku hizi hawawajui wazazi wao."

Dada alimtazama Bi Vifungo. Bi Vifungo alimtazama kijana. Kijana alikohoa, akasema kwa adabu, "Mzee wangu, ndivyo alivyopenda mwenyewe." Hakuongeza neno, na saruji ikapigwa, chombo kimoja, baba mmoja, na wanawe wawili wameshikana mikono.

Kinyozi aliondoka akitikisa kichwa, wala hatuwezi kumlaumu, kwani aliuona mtungi kwa nje tu. Na siri ya mtungi aijuaye kata.