Kwa Nini Wajenzi Huvuta Kamba Kutoka Kona hadi Kona

Wanangu, kulikuwa na wakati ambapo mjenzi alipima pande za nyumba tu. Pande nne zikiwa sawa, alichimbia nguzo na kuondoka. Paa lilifumwa chini, kwenye uwanja, kisha majirani walilibeba na kulipandisha. Na nyumba iliyokataa paa ilihesabiwa kuwa na mkosi. Mwenye nyumba alipaswa kuhama kijiji siku hiyo hiyo.

Basi Somoe, mama aliyefiwa na mumewe, akajengewa nyumba na mjenzi Chilumba. Paa lake lilikuwa mraba mzuri, na mvua ilikuwa karibu. Lakini majirani walipolipandisha, kona mbili zilitokeza nje na mbili hazikufika kwenye nguzo. Wakaligeuza. Bado. Wakalishusha.

Chilumba akapima upande wa kwanza: pima tatu. Wa pili: tatu. Wa tatu, wa nne: tatu. Akapima paa, nalo pima tatu kila upande. Akazunguka tena, na tena, jasho likimtoka.

"Labda fimbo yako imekunywa pombe, Chilumba," mtu akasema.

"Pimeni wenyewe basi!"

Wakapima, wakapata tatu. Hakuna aliyeelewa. Kisha mmoja akasema polepole, "Somoe, dada yangu, desturi unaijua." Somoe akaanza kukunja mkeka wake. Hakujua aende wapi na mtoto mchanga.

Bi Asumini, msokota kamba, alikuwa amesimama karibu. Aliona jua linampiga mtoto. Akafungua kamba mbili zilizovutwa kona hadi kona kwenye paa, akampa Somoe. "Zifunge kwenye nguzo, mama, utandaze kanga. Mtoto apate kivuli kwanza."

Somoe akafunga ya kwanza, kona hadi kona. Ikalegea mpaka ikagusa majani. Ya pili akaivuta kwa nguvu zote, lakini haikufika. Akaiunga kwa kipande cha kitambaa. Kamba zikakutana katikati kabisa, zikapishana kama msalaba ulionyooka.

"Bi Asumini, mbona umenipa kamba ndefu na fupi?"

"Nilizikata sawa, mwanangu."

Wakazifungua na kuzilaza pamoja. Zilikuwa sawa. Chilumba akakuna kichwa. Pande sawa, kamba sawa, katikati zinakutana vizuri, kosa liko wapi?

Somoe akatazama nguzo, akatazama paa. "Kwenye paa zilitosha zote mbili," akasema. "Nyumba yangu imelala kidogo, kama kitanda kilichosukumwa. Pande hazikupungua, ila kona zimebanwa huku na kufunguka kule."

Hakuna aliyeelewa vizuri, hata Chilumba. Lakini Bi Asumini alikuwa ameshachukua jembe. Wakang'oa nguzo mbili na kuzisogeza, huku Somoe akizivuta kamba, mpaka zote mbili zikakazika bila kuungwa. Wakapandisha paa. Likakaa.

Na ndiyo maana hadi leo, kabla nguzo hazijashindiliwa, kamba mbili za urefu mmoja huvutwa kutoka kona hadi kona, na mama mwenye nyumba ndiye huzishika. Moja isipofika, hakuna anayefukuzwa. Mama husema tu, "Sogezeni nguzo," na wote husogeza.