Nishani ya Kisima cha Kalangasi

Hapo zamani, babu zetu wakiwa bado hawajalijua bomba la maji, palikuwa na nchi iitwayo Kalangasi. Mtemi wa nchi hiyo alikuwa na desturi ambayo watemi wenzake hawakuwa nayo. Wenzake waliwatuza walioua simba, au walioshinda vitani. Yeye alimtuza aliyeokoa uhai. Mhunzi wake alifua nishani ya shaba, pana kama kiganja cha mtoto, na aliyevishwa alipata kiti barazani, jina lake likaimbwa kila mavuno hadi kwa wajukuu. Sheria ilikuwa fupi: uhai mmoja, nishani moja.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka wa ukame.

Visima vyote vilikauka. Mchimba visima aliyeitwa Lugendo akaanza kuchimba kipya. Akachimba siku kumi na mbili, akafika kina cha watu sita waliosimama mmoja juu ya kichwa cha mwenziwe. Juu alikuwapo rafiki yake Kasanda, mfuga mbuzi, akivuta vikapu vya udongo kwa kamba ya ngozi. Asubuhi ya siku ya kumi na tatu ardhi ikanguruma, vumbi likapanda, kuta za kisima zikamwangukia Lugendo.

Kasanda akapiga yowe. Watu wakaja mbio, wakachungulia, wakaona udongo mtupu.

"Tumeshampoteza," wakasema. "Alichimba kisima, kumbe anachimba kaburi."

Wanawake wakaanza kulia. Wanaume wakavua kofia.

Hapo palikuwa na mfinyanzi, mjane aliyeitwa Nsungwa, aliyekuja kuokota udongo mzuri wa vyungu. Yeye hakulia. Alilala kifudifudi, akabandika sikio chini.

"Nyamazeni!" akasema. "Kuna mtu anagonga."

"Mama Nsungwa, mwache marehemu apumzike."

"Anagonga jiwe kwa jiwe. Mara tatu, halafu anapumzika. Chimbeni!"

Shemeji yake akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia: "Shemeji, anayezungumza na waliofukiwa, nchi hii tunamjua kwa jina gani?"

Mnaelewa alichomaanisha. Siku zile mwanamke aliyeitwa mchawi hakulala tena kijijini. Nsungwa akainuka na udongo shavuni, akasema, "Niiteni jina lolote mtakalo. Lakini kwanza chimbeni."

Wakachimba.

Shimo lilikuwa jembamba, na mtu mnene angeziangusha tena kuta. Akaitwa Mihayo, mrina asali, mwembamba kama mshale, mtu aliyezoea kuning'inia kwenye kamba. Akafungwa kiunoni. Wanaume sita wakaishika kamba, Kasanda akiwa wa mbele kabisa, na Mihayo akashuka, akichota udongo kwa mikono, kikapu baada ya kikapu.

Jua lilipofika utosini, udongo ukaanguka mara ya pili, ukamfukia Mihayo hadi kifuani. Wakamvuta. Alitoka akitapika mchanga. Mkewe Kabula akamshika nguo kwa mikono miwili.

"Baba Nshoma, una watoto watatu! Umejaribu, inatosha. Hakuna atakayekulaumu."

Mihayo akasukutua maji, akatema.

"Nimegusa kidole chake," akasema. "Kina joto."

Kabula akaiachia ile nguo. Mihayo akashuka tena.

Akamkuta Lugendo amebanwa chini ya ubavu wa jabali uliomfunika kama paa. Akamfukua, akamfunga kamba, naye akaning'inia kwenye kamba hiyohiyo, akapiga kelele, "Vuteni!" Wakavuta. Wakafika nusu, na mara ukingo wa kisima ukapasuka miguuni mwa wavutaji. Watano wakaruka nyuma. Kasanda hakuruka. Aliizungusha kamba mkononi, akapiga magoti, akabaki peke yake na watu wawili wakining'inia chini. Kamba ikamkata. Hakuiachia. Hatimaye wenziwe wakapata haya, wakarudi, wakamshika kiuno, wakavuta wote pamoja.

Lugendo akatoka hai. Mihayo akatoka hai. Vidole vitatu vya Kasanda vilibaki kwenye kamba.

Mvua iliponyesha, mtemi akaita watu. Akaishika nishani, akauliza, "Nani aliyeuokoa uhai huu?"

Wafinyanzi wakasema, "Ni Nsungwa. Bila sikio lake mngekuwa mmekwisha kukaa matanga."

Warina asali wakasema, "Kusikia ni kusikia tu. Mihayo alishuka, akafukiwa, akashuka tena."

Wafugaji wakasema, "Angeshuka, angepandaje bila kamba? Tazameni mkono wa Kasanda!"

Mtu mmoja akashauri nishani ikatwe vipande vitatu. Mhunzi akakataa katakata. "Nikiikata, mtagawana shaba. Nishani haitakuwapo tena."

Mtemi akautazama mkono wa Kasanda kwa muda mrefu, kisha akasimama, akamwendea na nishani. Kasanda akarudi nyuma hatua moja.

"Mtemi, usinivishe. Lugendo alinipa miti minne ya kuegemeza kuta za kisima. Niliweka miwili, naye kwa kuniamini hakuhesabu. Miwili nilijengea zizi langu, maana fisi alikuwa ananimalizia mbuzi. Nilisema moyoni, udongo huu ni mgumu, hautaanguka."

Mtemi akaishusha nishani.

"Mbona hukusema siku ile?" mtemi akauliza.

"Niliogopa."

"Na leo je?"

"Leo naogopa zaidi kuivaa."

Kelele zikalipuka. Wengine wakataka afukuzwe. Wengine wakasema aliyeharibu akatengeneza kwa vidole vyake hana deni. Nsungwa akasema, "Mimi nilisikia, lakini sikuwa na nguvu za kumtoa." Mihayo akasema, "Mimi nilishuka mara ya pili kwa sababu nilimwona Kasanda ameshika kamba. Angekuwa mwingine, sijui kama ningeshuka."

Ndipo wakamgeukia Lugendo mwenyewe. Alisimama kwa fimbo. Hakumtazama rafiki yake.

"Ndugu zangu," akasema, "mkono ulionifukia na mkono ulionivuta ni mmoja. Usiku nikikumbuka nauchukia. Asubuhi nikiamka hai naushukuru. Msiniulize mimi, uhai wangu mwenyewe hauniachi nihukumu sawasawa."

Mtemi akabaki amesimama katikati ya baraza, nishani mkononi, watu wote wakimtazama.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa, na wewe uliyeguna Kasanda alipokiri, semeni mbele ya wenzenu: yule aliyesikia, yule aliyeshuka, au yule aliyeshika kamba, nishani ile mngemvisha nani?