Marinda ya Liwali Hapuseni

Palikuwa na liwali mmoja huko Misri, zama za mafirauni, jina lake Hapuseni, aliyependa marinda kuliko alivyowapenda wakeze. Kila asubuhi watumishi wake waliloweka kanzu yake ya kitani kwenye maji ya gundi, wakaibana juu ya ubao wenye mifereji, wakaianika juani mpaka ikakauka kama ngozi ya ngoma. Liwali akiivaa, haketi. Akitembea, analia kakara-kakara kama mtu aliyekanyaga majani makavu.

Katika mji huo huo, kando ya mto Naili, aliishi mjane muuza vitunguu aitwaye Tabaketi. Huyu alikuwa na gauni moja tu. Alilivaa sokoni, akalilalia usiku, akaamka nalo. Ulimi wake nao haukuwa na ala.

Sasa sikilizeni balaa ilivyoanza. Siku ya sherehe ya mavuno alikuja mgeni mkubwa kutoka kwa Firauni, mzee mwenye macho hafifu. Alimpita Liwali na kakara-kakara yake yote, akaenda kusimama mbele ya Tabaketi aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya vitunguu vyake.

"Lo! Marinda haya, bibi, amekupigia nani?"

"Usingizi, baba," alijibu Tabaketi.

Sherehe nzima ikaangua kicheko. Liwali hakucheka. Kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani: "Kuanzia leo, mikunjo ni ya wakubwa! Mtu wa chini atakayeonekana na mkunjo, mkunjo wowote ule, atavuliwa nguo hadharani na kulambwa viboko!"

Basi mji ukageuka kichekesho. Watu hawakai, hawachuchumai. Mwenye punda anatembea naye bega kwa bega. Asubuhi mke na mume wanashika nguo huku na huku, wanavutana kama wavuta kamba, na nguo za kitani kuukuu zikapasuka mji mzima. Ipuki mwoka mikate, pande la mtu, aliinama kuokota mkate ulioanguka. Askari wakamvua palepale. Alikimbia nyumbani amejisitiri kwa mikate miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa mbele ulikuwa bado wa moto.

Tabaketi alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kisha akaona mgongo wa Ipuki ulivyovimba kwa viboko, akaacha kucheka. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza vitunguu wima kama nguzo, miguu imemfura, na gauni lake lilikuwa hilo hilo moja. Wakimvua, atavaa nini? Maganda ya vitunguu?

Alifikiri. Kisha akasubiri siku ya Liwali kupita sokoni.

Siku ikafika. Liwali akaja, kakara-kakara, askari mbele, askari nyuma. Kama ilivyo desturi, watu wakaanza kupiga magoti.

"Jamani!" Tabaketi akapaza sauti. "Mnavunja sheria! Simameni, nguo zitakunjika!"

Soko zima likanyooka kama mafunjo.

Liwali akasimama. "Wewe mwanamke! Mbona umenisimamia kama mlingoti?"

"Naitii amri yako, Bwana Mkubwa."

"Amri yangu ni kuinama!"

"Hiyo ya zamani. Mpya inasema nisijikunje."

"Inama!"

Tabaketi akainama kidogo tu. Askari mmoja mtiifu mno, Kheti, akainua fimbo. "Mkunjo! Kiunoni hapo, Bwana Mkubwa, nimeuona!"

Tabaketi akanyooka haraka.

"Nimesema inama!"

Akainama.

"Mkunjo!" akafoka Kheti.

Akanyooka.

"Kheti, nyamaza!"

"Ninyamaze nikiuona, Bwana Mkubwa, au nisiuone kabisa?"

Liwali akapandwa na hasira, marinda yakamtetemeka. "Basi alale kifudifudi!"

"Nitalala, Bwana Mkubwa, lakini mtu hawezi kulala bila kupinda goti," alisema Tabaketi. "Labda nilazwe mzimamzima, kama gogo."

"Mlazeni!"

Askari wawili wakamshika, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Kheti alikuwa huyo wa miguuni. Wakamteremsha taratibu mpaka chini, naye amejikaza kama ubao.

"Ahsanteni, wanangu," alisema Tabaketi, pua mchangani. "Sasa, Bwana Mkubwa, soko lina watu wengi, utawalaza wote? Na kabla hujajibu, hebu tazama viuno vya hawa walionilaza. Nao si watu wa chini?"

Kheti akajitazama. Shuka lake lilikuwa limekunjika kiunoni, mikunjo mitatu mizima. Macho yakamtoka. Akaitazama fimbo yake, akautazama mgongo wake, akawa anajizungusha kama mbwa atafutaye mkia, asijue aanze kujichapa wapi.

Soko likalipuka. Waliokuwa wamekatazwa kuinama walicheka wima, wakishikana mabega wasianguke. Tabaketi, kifudifudi vilevile, alicheka mpaka vumbi likaruka.

Liwali akamsogelea, kakara-kakara, uso umemjaa ndita kama tini iliyokauka. "Mwanamke! Uko chini ya miguu yangu, fimbo ziko juu ya mgongo wako, nawe unacheka? Mwenye adabu angekuwa amekunja uso!"

"Natamani, Bwana Mkubwa," alisema Tabaketi. "Lakini nani mimi, nivae uso kama wako?"