Firigisi ya Mzee Singano

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya masika ya mwaka juzi, Mwanaidi alikuwa ananyonyoa kuku, maji yakimuunguza vidole, jirani akamwita kutoka njiani.

"Mwanaidi, baba mkwe wako."

"Kaanguka?"

"Kapanda mlima. Kwa miguu yake. Hata kupumzika hakupumzika."

Mwanaidi akamwacha kuku kwenye beseni. Miezi mitano nyuma Mzee Singano alikuwa hafiki chooni bila kuketi njiani. Miguu ilivimba, usiku alilala ameegemea magunia ili apate pumzi. Majirani wakaleta supu ya makongoro, asali, uji wa karanga. Akala, akazidi kuchoka.

Sasa akaingia uani anacheka, na Hilda, muuguzi wa zahanati, nyuma yake anahema.

"Leo firigisi sili," Mzee akasema. "Ataila aliyenirudishia moyo wangu."

Watu wa nyumbani wakasogea. Kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na tangu aoe, Mzee hakuwahi kumgawia mtu.

Hilda akasema, "Basi ni yangu. Nyote mlidhani ana njaa. Ni mimi niliyewaambia chakula kipo, ila chembe hai za moyo zimeshindwa kukigeuza nguvu. Kuni zimejaa mafigani, moto hauwaki. Nikamwandikia rufaa. Hospitali wakampa vidonge vya kuupunguzia moyo mzigo, na kidonge kile kilichoanzia kwa wagonjwa wa kisukari. Madaktari wameona kinausaidia na moyo, ingawa bado wanachunguza kinafanyaje."

Kilua, mwanawe Mzee, akasema, "Rufaa ni karatasi, haina miguu. Mvua ilikata barabara, nikambeba mgongoni tangu alfajiri hadi adhuhuri. Na njia nzima ananilaumu natembea polepole."

Mwanaidi, mke wa Kilua, akafuta manyoya mikononi. "Vidonge mkavileta, yeye akavificha kwenye pindo la kofia. Mwezi mzima. Eti dawa si karanga, huwekwa akiba ya siku mbaya. Nimeviona mimi, nikifua. Tangu hapo kila asubuhi nasimama mbele yake: 'Baba, fungua kinywa, inua ulimi.' Mkwe kumwambia mkwe vile. Mnaijua aibu yake?"

"Naijua mimi," Mzee akasema.

Bi Kiete, mkewe, akacheka mpaka akashika ukuta. "Bila karatasi angebebwa kwenda wapi? Bila mgongo, karatasi tungefungia chumvi. Na bila Mwanaidi, ingepona kofia."

Wali ukapakuliwa, kuku akapakuliwa. Bi Kiete akahesabu watu mkekani kwa kidole: Hilda yupo, Kilua yupo, Mwanaidi yupo, yeye mwenyewe yupo, na Mzee, ambaye walikwisha kumtoa katika hesabu, yupo, tena ameshika upawa.

Ndani ya upawa mna firigisi moja, haigawanyiki. Sahani tatu zimenyooshwa.

Je, upawa ungekuwa mkononi mwako, ungeitia sahani ya nani?