Alama ya Waliowalilia Wageni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Atakayesinzia asiniulize kesho.

Hapo kale palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamgwe, kando ya msitu mnene. Msituni mlikuwa na zimwi. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, lilitoka adhuhuri kudai mtu mmoja. Lisipopewa, liliingia lenyewe kujichagulia.

Wazee wakakaa, wakashauriana. Wakasema, "Watoto wetu hatuwatoi. Zimwi tutalilisha wageni."

Aliyepewa kazi ya kuwaleta ni Semkiwa, mtu mwenye maneno matamu. Alikuwa akikaa njia panda, na akimwona mpita njia humwambia, "Karibu, pumzika, chakula kiko tayari." Mwaka wa kwanza akaleta mama muuza vyungu. Mwaka wa pili akaleta mzee kipofu. Mwaka wa tatu akaleta kijana aliyekuwa anakwenda kuoa.

Mkewe, Mahuwa, ndiye aliyewapikia. Alipika huku analia. Alimwambia, "Mume wangu, dhambi hii itatuandama." Semkiwa akamjibu, "Basi tuwatoe watoto wa kijiji?" Mahuwa akageukia jiko, akaendelea kulia.

Basi mwaka wa nne akaja mgeni mwenye kidau cha wino kiunoni. Semkiwa akamkaribisha kama wengine.

"Nitakula baadaye," mgeni akasema. "Kwanza nina kazi ya aliyenituma."

Akapita nyumba kwa nyumba, akitia watu alama ya wino kwenye paji la uso. Hakumtia kila mtu. Kijiji kizima aliwatia watatu tu: bibi kizee mmoja kiwete, mhunzi, na Mahuwa.

Semkiwa akainamisha kichwa. "Na mimi je?"

"Hii ni alama ya waliowalilia wageni. Yule mama wa vyungu aliitwa nani?"

"Sijui."

"Yule mzee kipofu?"

"Sijui."

"Na bwana harusi?"

Semkiwa hakuwahi kuwauliza majina.

Mgeni akafunga kidau chake. "Mungu ameona. Leo zimwi halitakula mgeni. Litakula waliolilisha."

Watu waliposikia hivyo wakakimbilia masizi ya vyungu, wakajichora. Semkiwa naye akajichora. Adhuhuri zimwi likatoka, likanusa mapaji. Aliyenuka wino likampita. Aliyenuka masizi likammeza.

Likafika kwa Semkiwa. "Semkiwa, mgeni wangu yuko wapi?"

Semkiwa akajibanza nyuma ya ghala.

"Semkiwa, mgeni wangu yuko wapi?"

Hofu ikamzidi. Akanyoosha kidole kwa mkewe. "Huyo hapo. Si wa kijiji hiki, nilimwoa mbali."

Zimwi likamnusa Mahuwa, likarudi nyuma. Mahuwa alimtazama mumewe tu, na Semkiwa akahisi uso unamwaka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Heri lingemla kabla hajanyoosha kile kidole.

"Semkiwa, mgeni wangu yuko wapi?"

Akafuta masizi kwa kiganja, akatoka. "Hakuna mgeni. Aliyewaleta wote ni mimi."

Likammeza. Kwa shibe likalala palepale. Mgeni akampa Mahuwa kisu, akamwambia, "Kata kidole chake kidogo cha mguu." Mahuwa akakata. Zimwi likafa, na watu wakatoka pale: mama wa vyungu, mzee kipofu, bwana harusi, na nyuma yao wanakijiji, Semkiwa akiwa wa mwisho.

Mgeni akawatenga. "Mliomezwa kwa hila na mliotiwa alama, njooni kuumeni. Mliolilisha zimwi, kushotoni."

Wengine wakabishana, wakasema walitumwa na wazee. Wazee nao wakasema waliogopa. Semkiwa alikwenda kushoto bila kuambiwa.

Mama wa vyungu akamfuata hukohuko. "Mimi naitwa Mkanyika," akasema kwa upole. "Nilikuwa na watoto wawili wakiningoja."

Walio kuumeni wakapewa nyumba na mashamba. Walio kushotoni wakaambiwa waondoke, wakaombe hifadhi kwa watu wasiowajua. Mahuwa akabaki. Hakumuaga mumewe, na mumewe hakuthubutu kumwomba amuage.

Siku ya tatu Semkiwa akafika kijiji kingine, kwa mwanamke aliyekuwa anapeta mtama uani.

"Karibu, baba. Nani mwenzangu?"

Akataja jina lake. Kisha akasema aliyoyafanya, yote, hata kile kidole alichomnyooshea mkewe. Mwanamke aliweka ungo chini. Halafu akamletea maji ya kunawa na bakuli la chakula.

Semkiwa alikula akilia, uso kwenye bakuli. Mwenyeji wake hakumuuliza tena kitu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia amsimulie aliyelala. Mgeni usiyemjua, Mungu anamjua kwa jina.